Mazoezi ya kijeshi: Bomu lililosalia malishoni ni la nani?

Askari anapopigwa risasi katika mazoezi ya kijeshi ya siku hizi, hasikii uchungu. Husikia mlio. Bunduki ya adui wake huwa imefungiwa chombo kinachotoa mwale wa leza, na yeye mwenyewe huwa amevaa vitambuzi kichwani na kifuani vya kuupokea mwale huo. Ukimpata, vitambuzi hulia, naye hutakiwa kulala chini na kungoja wauguzi wa kikosi chake wamfikie. Mitambo mipya hata humjulisha kama amekufa au amejeruhiwa, na kama ni mguu au tumbo. Kompyuta nayo huweka kumbukumbu ya yote: nani alimpiga nani, wapi na saa ngapi. Jioni ikifika wafu hufufuka, hula chakula chao, kisha huketi na kusomewa makosa yao.

Katika vita vya namna hiyo kila kifo kina mwenyewe. Hakuna risasi isiyojulikana ilikotoka.

Laiti mazoezi yote yangekuwa hivyo. Huku kwetu kaskazini, katika nyanda za Archers Post, Kaunti ya Samburu, na katika baadhi ya maeneo ya Laikipia, majeshi hufanya pia mazoezi ya risasi za moto. Hapo makombora ni ya kweli, na baadhi yake huanguka bila kulipuka. Vikosi hufunga mahema na kuondoka, bendera nyekundu zilizokuwa zikitahadharisha wapitanjia hushushwa, na ng'ombe hurudi malishoni. Kombora lililozama mchangani halina kumbukumbu yoyote inayosema ni la nani. Mwandishi wa makala haya anaamini kuwa hilo ndilo suala kubwa ambalo mjadala wetu kuhusu majeshi ya kigeni umekuwa ukilipita kando.

Kabla ya kulaumu, ni haki kwanza tueleze kwa nini majeshi huthamini sana mazoezi haya. Baada ya kupoteza ndege nyingi katika vita vya Vietnam, Wamarekani walibaini kuwa rubani aliye hatarini zaidi ni yule mgeni wa vita. Akinusurika safari zake kumi za kwanza za mapigano, uwezekano wake wa kurudi salama hupanda sana. Basi mwaka 1975 jeshi lao la anga lilianzisha mazoezi yaitwayo Red Flag katika jimbo la Nevada, ili rubani azimalize safari hizo kumi nyumbani, dhidi ya adui wa kuigiza, kabla hajakutana na adui wa kweli. Miaka michache baadaye jeshi la nchi kavu lilifanya vivyo hivyo huko Fort Irwin, katika jangwa la California, ambako kikosi maalumu kina kazi moja tu ya kujifanya adui. Vikosi vingi vinavyokwenda huko hushindwa. Na hilo ndilo lengo, kwa kuwa anayeshindwa jangwani kwa leza hupata nafasi ya kujirekebisha ambayo anayeshindwa vitani haipati.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Nevada ili kuielewa hoja hiyo. Wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia mwezi Oktoba mwaka 2011 katika Operesheni Linda Nchi. Januari 15, 2016, kambi yao ya El Adde ilivamiwa alfajiri na wapiganaji wa Al-Shabaab, na mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Kulbiyow. Familia zilizowapoteza wana wao huko hazihitaji kuelezwa umuhimu wa askari kufunzwa vyema jinsi ya kulinda kambi gizani na kuomba msaada upesi. Anayetaka mazoezi ya kivita yapigwe marufuku humu nchini ana budi kuzieleza familia hizo vijana wajifunzie wapi.

Kwa hivyo swali si kama mazoezi yawepo. Yatakuwepo. Waingereza wamekuwa wakifunza askari wao hapa tangu mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, na kikosi chao cha mafunzo, kijulikanacho kwa kifupi kama BATUK, kina makao yake Nanyuki. Mwaka 2021 walifungua huko kambi mpya ya Nyati iliyogharimu takriban pauni milioni 70. Mtu hajengi nyumba ya bei hiyo mahali anapopanga kuhama kesho. Wamarekani nao huja kwa mazoezi ya Justified Accord, yanayowakutanisha askari wa mataifa kadhaa ya Afrika hapa nchini. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yana mazoezi yao ya pamoja, Ushirikiano Imara, yanayohamahama kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Na jeshi letu wenyewe lina chuo chake cha askari wa miguu mjini Isiolo, mwendo mfupi kwa gari kutoka Archers Post.

Kinachowavutia wote hao kaskazini kinafahamika. Laikipia iko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mapafu ya mgeni hulazimika kufanya kazi ya ziada. Ukiteremka hadi Samburu unakutana na joto, vumbi, miiba na makorongo. Kwa askari aliyekuwa akiandaliwa kwenda Iraki au Afghanistan, hakukuwa na darasa bora. Zaidi ya yote kuna nafasi. Barani Ulaya ni vigumu kupata mahali ambapo batalioni nzima inaweza kutembea kwa siku kadhaa ikifyatua mizinga bila kukutana na barabara kuu.

Lakini neno "nafasi" lina hila ndani yake. Nafasi hiyo si tupu. Macho ya mgeni huona nyika isiyo na mtu, ilhali mfugaji Msamburu au Mmaasai huona malisho ya kiangazi, njia ya kwenda mtoni na mti ambao mbuzi hupumzika chini yake adhuhuri. Kulisha mifugo kwa kuhama kunamaanisha kuwa mahali pasipo na mtu leo patakuwa na mamia ya ng'ombe mwezi ujao. Ramani ya kijeshi haina rangi ya kuonyesha jambo hilo.

Waingereza wenyewe wanajua gharama ya kuchanganya watu na viwanja vya mazoezi. Katika nyanda za Salisbury, kusini mwa nchi yao, kuna kijiji kiitwacho Imber. Mwezi Novemba mwaka 1943, wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, wakazi wake wapatao 150 walipewa siku 47 kuhama ili askari wa Marekani wafanyie mazoezi hapo. Wengi waliamini wangerudi vita vikiisha. Hawakurudi. Hadi leo kijiji hicho kimo ndani ya uwanja wa jeshi, na umma huruhusiwa kukizuru siku chache tu kwa mwaka. Ulikuwa uamuzi mkali, na wapo waliokufa wakiunung'unikia. Hata hivyo ulikubali ukweli mmoja, kwamba watu na makombora haviwezi kukaa pamoja. Huku Samburu ukweli huo haujakubaliwa wala kukanushwa. Watu hawakuhamishwa, na makombora hayakukoma.

Matokeo yake yalijulikana kwa ulimwengu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wafugaji wa Archers Post na Dol Dol, baadhi yao wakiwa wamepoteza mikono, miguu au watoto, waliandamana jijini Nairobi na kudai fidia kutoka kwa serikali ya Uingereza kwa madhara ya vilipuzi vilivyoachwa katika muda wa miaka hamsini hivi. Mawakili kutoka London waliishughulikia kesi yao, na mnamo Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5, zikagawiwa walalamishi zaidi ya 200. Malipo yalifanywa nje ya mahakama.

Ndani ya makubaliano hayo mlikuwa na hoja ambayo inapaswa kutukera zaidi kuliko ilivyotukera wakati huo. Waingereza walisema kuwa si wao pekee waliotumia viwanja hivyo. Jeshi la Kenya lilivitumia pia, na majeshi mengine vilevile, na kwa hivyo lawama haiwezi kuwa yao peke yao. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, na hilo ndilo linaloifanya iwe nzito. Kipande cha chuma kilichomlipua mtoto hakina saini. Majeshi mawili yakitumia aina moja ya kombora katika uwanja mmoja kwa miaka mingi, yule mtoto atamshtaki nani? Kila jeshi litanyooshea jingine kidole, na yote yatakuwa yakisema nusu ya ukweli.

Hatari haikwisha kwa fidia ile. Mwaka 2015 mvulana wa miaka 13 alipoteza mikono yote miwili huko Samburu baada ya kuokota kitu malishoni asichokijua. Watoto wanaochunga ndio wanaokutana na vitu hivi, kwa sababu ya wazi: wao ndio wanaotembea kila mahali, wao ndio wenye muda wa kuokota, na chuma kinachong'aa kwenye mchanga ni mchezo kwa mtoto asiye na mchezo mwingine.

Linganisha na moto wa Lolldaiga. Mnamo Machi 2021, wakati wa mazoezi ya Waingereza katika hifadhi hiyo ya kibinafsi huko Laikipia, moto ulizuka na kuteketeza maelfu ya ekari za nyasi na vichaka. Moshi uliwafunika wakazi wa vijiji jirani kwa siku kadhaa, na mtu mmoja aliyekwenda kusaidia kuuzima alifariki baada ya kukanyagwa na gari. Wakazi pamoja na shirika la kutetea mazingira walikwenda mahakamani. Serikali ya Uingereza ilijitetea kuwa haiwezi kushtakiwa katika mahakama za nchi nyingine, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Nanyuki iliikataa hoja hiyo. Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723. Ukizigawanya sawasawa ni takriban pauni 375 kwa kila mmoja, yaani shilingi elfu sitini na kitu, na wapo walioona kuwa ni kejeli kwa mtu aliyevuta moshi na kupoteza malisho. Sitawapinga.

Ila kuna jambo moja ambalo walalamishi wa Lolldaiga walikuwa nalo, na ambalo mvulana wa Samburu hana. Moto wao ulikuwa na mwenyewe. Ulijulikana ulianza siku gani, katika mazoezi ya nani, na nani alikuwa akiongoza mazoezi hayo. Hakuna aliyeweza kusema kuwa huenda uliwashwa na jeshi jingine miaka ishirini iliyopita. Pamoja na hayo, ilichukua zaidi ya miaka minne kupata fidia hiyo ndogo. Mwenye jeraha la kombora lisilo na jina atangoje miaka mingapi?

Mtu anaweza kudhani kuwa sheria ya kimataifa imeliziba pengo hili. Haijaliziba. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 unahusu mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu, na kombora la mazoezi lisilolipuka si bomu la kutegwa. Kuna itifaki nyingine ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2006, inayozitaka nchi zilizopigana kusafisha mabaki ya vilipuzi. Lakini inazungumzia mabaki ya vita. Hivyo tumefikia hali ya ajabu: mfugaji akilipuliwa na bomu lililoachwa na majeshi yaliyokuwa yakipigana kwa dhati, kuna maandishi ya kimataifa yanayomtaja. Akilipuliwa na bomu la majeshi yaliyokuwa yakijifanya kupigana, hatajwi. Wahenga walisema wapiganapo ndovu nyasi ndizo huumia, ila nadhani hawakuwahi kufikiria ndovu wanaofanya mazoezi tu.

Sheria zetu wenyewe zina meno kidogo zaidi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kile cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mahakama ya Nanyuki imeonyesha kuwa haki hizo hazikomi kwenye lango la kambi. Kilichokosekana ni utaratibu unaoanza kazi kabla mtu hajaumia.

Tumezoea kuuangalia mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza kwa dirisha moja, lile la uhalifu wa askari mmojammoja. Si ajabu. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 21, mwili wake ukapatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli, na uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ukasema aliuawa na askari wa Uingereza. Ilibidi kungoja hadi Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza kuhusiana na kifo hicho, naye anakanusha. Wabunge walipoujadili mkataba huo mwaka 2023 walishikilia kuwa anayetuhumiwa kwa mauaji hapa ahukumiwe hapa. Walifanya vyema.

Lakini kesi ya mauaji ina mtuhumiwa, shahidi na tarehe. Kilipuzi kinahitaji sheria ya aina nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa maelezo makavu kidogo.

Kwanza, kila jeshi linalotumia uwanja wa risasi za moto, letu likiwemo, liandikishe idadi na aina ya makombora liliyofyatua, yalikolengwa, na mangapi hayakusikika yakilipuka. Si jambo la ajabu, kwani jeshi lenye nidhamu huhesabu risasi zake, na majeshi haya haya hurekodi kila mwale wa leza wakati wa mazoezi mengine. Orodha hiyo iwekwe nakala kwa taasisi ya kiraia, isibaki kambini. Pili, uwanja usirudishwe kwa malisho mpaka usafishwe na mtu mwenye mamlaka aweke sahihi kuwa umesafishwa. Sahihi ina faida moja kubwa: mtoto akiumia baadaye, kuna jina la kuanzia.

Tatu, na hili ndilo litakalopingwa zaidi, pale ambapo haijulikani bomu ni la jeshi gani, majeshi yote yaliyotumia uwanja huo katika kipindi husika yawajibike kwa pamoja. Majeruhi alipwe kwanza kutoka katika hazina ambayo wote wameichangia kulingana na kiasi walichofyatua, kisha wao wakalumbane baadaye juu ya nani amrudishie nani. Kwa sasa mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya kichwa cha mfugaji asiyeweza kuona ndani ya ghala la silaha la yeyote. Ni haki uhamie kwa wenye maghala.

Utaona kuwa pendekezo hilo linaigusa Nairobi sawa na linavyoigusa London. Ninashuku kuwa hiyo ndiyo sababu halijawahi kusukumwa kwa nguvu. Ni rahisi kwa kiongozi kusimama Nanyuki akamkemea Mwingereza, makofi yakapigwa. Ni vigumu zaidi kuiuliza Wizara yetu ya Ulinzi makombora yake mangapi yamelala Archers Post. Ukimya wetu kuhusu sehemu yetu ndio uliowapa Waingereza ile hoja yao ya mwaka 2002, na utawapa tena.

Wapo watakaosema kuwa idadi ya makombora ni siri ya jeshi. Siri ya shabaha na mbinu inaeleweka, lakini kombora lililokwisha kufyatuliwa mchangani halimfichulii adui chochote asichokijua. Wengine watasema masharti makali yatawafukuza wageni na kuwanyima ajira mamia ya wakazi wa Nanyuki, kuanzia wafanyakazi wa kambini hadi wauza mboga. Wasiwasi huo ni wa kweli na haufai kudharauliwa na mtu aketiye Nairobi. Lakini jeshi lililojenga kambi ya pauni milioni 70 halitaihama kwa sababu ya gharama ya kuokota mabaki yake. Na muuza mboga wa Nanyuki na mchungaji wa Samburu hawapaswi kuwekwa kwenye mizani moja kana kwamba riziki ya mmoja lazima ilipiwe kwa mkono wa mwingine.

Kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi ilizunguka Laikipia na Samburu mwaka 2024 ikiwasikiliza wakazi, na ripoti yake, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2025, iliyataja mabomu yasiyolipuka miongoni mwa malalamishi mengi. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2021 ni wa miaka mitano. Kwa hivyo maneno ya mkataba unaofuata, au ya marekebisho yake, ndiyo mahali pa kuyaingiza masharti haya, na wanaoyaandika wanayo tayari mikononi maelezo ya waliojeruhiwa.

Wakati huo huo mvua zitaendelea kunyesha Samburu kwa namna yake ya kawaida, haba lakini kwa kishindo. Maji yatapita makorongoni, yataondoa mchanga wa juu na kufunua vilivyofukiwa. Siku chache baadaye nyasi zitachipua pale pale, na watoto watafuata mifugo.